Hatima ya Habari Mbaya: Historia ya Utoaji wa Taarifa za Hitilafu za Uandishi wa Diski katika Mifumo ya Faili, 1978–2020

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya namna mifumo ya faili ya kompyuta ilivyotoa, au ilivyoshindwa kutoa, taarifa pale uandishi wa data kwenye diski uliposhindikana. Maelezo yanaanzia katika mfumo wa Unix, yanapitia ujio wa wito wa fsync mwaka 1983 na keneli ya Linux, na kuishia katika mageuzi ya mwaka 2017 hadi 2020. Hoja kuu ni kwamba tatizo hili halikusababishwa na kuharibika kwa diski, kwa kuwa diski zimekuwa zikiharibika tangu zilipobuniwa. Lilitokana na kukosekana kwa makubaliano juu ya nani apewe habari za uharibifu huo, apewe mara ngapi, na habari hizo zitunzwe kwa muda gani. Makala yanahitimisha kwa kubainisha mambo ambayo washauri wa sera wanaosimamia kumbukumbu za umma zilizomo katika hifadhidata wanapaswa kuyazingatia.

1.0 Utangulizi

Taasisi inapohama kutoka katika daftari la karatasi kwenda katika hifadhidata ya kompyuta, huhamisha pia imani yake. Karani aliyeandika kwa wino aliona kwa macho yake kuwa wino umeshika. Mtumishi anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi haoni kitu. Hupokea tu neno la programu kwamba kazi imefanyika. Programu nayo haiioni diski. Hupokea neno kutoka katika keneli ya mfumo endeshi. Keneli nayo hupokea neno la diski yenyewe. Ukweli wa taarifa ya mwisho anayoiona mtumishi unategemea kila kiungo cha mnyororo huo kusema kweli, hasa siku mambo yanapoharibika.

Kwa muda mrefu wanahistoria wa teknolojia wameshughulikia zaidi kasi, ukubwa na bei ya mitambo. Ukweli wa taarifa ambazo mitambo hutoa kuhusu kushindwa kwake haujapata nafasi inayostahili. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo kwa kufuatilia suala moja dogo: programu imeikabidhi keneli data ili iandikwe kwenye diski, uandishi umeshindikana, je, programu itajulishwa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa “pengine”. Kueleza jinsi jibu hilo lilivyoendelea kukubalika, na jinsi lilivyobadilishwa, ndilo lengo la makala haya.

2.0 Unix na Asili ya Tatizo

Mfumo wa Unix ulianza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na waasisi wake wakuu walikuwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Diski za wakati huo zilikuwa za polepole mno zikilinganishwa na kumbukumbu kuu ya kompyuta. Ili programu zisikae zikisubiri, Unix ilitumia akiba ya muda ndani ya kumbukumbu. Programu ilipotoa wito wa kuandika, data ilinakiliwa katika akiba hiyo na programu ikajibiwa papo hapo kwamba uandishi umekubaliwa. Kazi ya kupeleka data kwenye diski ilifanywa baadaye, kwa wakati ambao keneli iliona unafaa.

Mpango huo ulileta faida kubwa ya kasi, na hadi leo mifumo endeshi mingi imejengwa juu yake. Hata hivyo, ulitenganisha mambo mawili ambayo katika daftari la wino ni jambo moja: kukubaliwa kwa maandishi na kudumu kwa maandishi. Diski ikikataa kuandika sekunde kadhaa baada ya jibu kutolewa, jibu lile haliwezi kufutwa. Huenda programu iliyoandika imeshaendelea na mambo mengine, imeifunga faili, au imekwisha kabisa.

Inafaa kusisitiza kwamba waasisi walilijua jambo hili. Katika makala yake kuhusu utekelezaji wa Unix, yaliyochapishwa mwaka 1978 katika jarida la kiufundi la Bell, Thompson aliorodhesha hasara za akiba hiyo bila kuficha. Alikiri kwamba kwa kuwa uandishi hufanyika nje ya wakati wa wito, kutoa taarifa za makosa na kumwezesha mtumiaji kuyashughulikia ni jambo linalokaribia kutowezekana. Alitaja pia hatari ya mfumo kuzimika ghafla huku data nyingi ikiwa bado haijafika kwenye diski. Wito wa sync, ambao huiagiza keneli kupeleka kila kilichomo katika akiba, ulisaidia kupunguza hatari hiyo ya pili bila kuimaliza. Hatari ya kwanza, yaani ya habari za kosa kukosa wa kupokea, iliachwa kama ilivyo.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kasoro hii ilipita bila kuonekana. Ilionekana, ikaandikwa, na ikakubaliwa kuwa gharama ya kasi. Kilichofuata ni kwamba vizazi vya wahandisi vilivyorithi mpango huo viliurithi bila ile tahadhari iliyoambatana nao.

3.0 Ahadi ya fsync

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix lijulikanalo kama 4.2BSD. Pamoja na mfumo mpya wa faili uliokuwa na kasi zaidi, toleo hilo lilileta wito wa fsync. Tofauti yake na sync ni ya msingi. Wito wa sync ulihusu mfumo mzima na haukumhakikishia mwitaji kwamba kazi imekamilika. Wito wa fsync ulihusu faili moja, na programu iliyouita ilisubiri hadi data ya faili hiyo ifike kwenye diski. Baadaye wito huo uliingizwa katika viwango vya POSIX, ambavyo vinaruhusu urudishe msimbo wa hitilafu, ukiwamo EIO, yaani hitilafu ya kuingiza au kutoa data.

Kwa watengenezaji wa hifadhidata, fsync ulikuwa stakabadhi. Hifadhidata kwanza huandika kila badiliko katika shajara ya miamala na kuhakikisha kwa fsync kwamba shajara imedumu. Ndipo humjibu mteja kwamba muamala umekamilika. Baadaye, kwa vipindi, huandika mabadiliko hayo katika faili kuu na kuita fsync tena. Ikijibiwa kuwa yote yamefika, hujiona huru kufuta au kutumia upya sehemu ya shajara iliyokwisha kazi. Jibu la fsync ndilo linaloamua kama nakala ya mwisho ya ushahidi inaweza kutupwa.

Hata hivyo, viwango havikueleza kwa ukamilifu kinachopaswa kutokea baada ya fsync kushindwa. Je, data iliyoshindwa kuandikwa bado imo katika kumbukumbu, ikisubiri kujaribiwa tena? Je, mwitaji wa pili naye ajulishwe kosa lilelile? Watengenezaji wa hifadhidata wengi walichukulia kwamba jibu la maswali yote mawili ni ndiyo. Watengenezaji wa keneli hawakuwahi kuahidi hivyo.

4.0 Linux: Bendera Moja kwa Wasomaji Wengi

Linus Torvalds alianzisha keneli ya Linux mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata ilienea hadi kuwa msingi wa seva nyingi duniani. Linux ilifuata mpango wa Unix wa kuchelewesha uandishi. Kurasa za kumbukumbu zenye data ambayo bado haijafika kwenye diski huitwa kurasa chafu. Zikishaandikwa, hutiwa alama ya usafi na kumbukumbu yake inaweza kutumiwa kwa kazi nyingine.

Kabla ya mwaka 2017, hitilafu ya uandishi iliyotokea nyuma ya pazia ilitunzwa kama bendera iliyoambatana na faili husika katika kumbukumbu. Programu ilipoita fsync, keneli iliitazama bendera. Ikiwa imepandishwa, programu ilipewa msimbo wa kosa na papo hapo bendera ikashushwa. Utaratibu huo una kasoro tatu.

Kwanza, faili moja inaweza kuwa imefunguliwa na programu kadhaa kwa wakati mmoja. Ya kwanza kuita fsync ilipata habari. Zilizofuata zilijibiwa kwamba mambo ni salama, ingawa huenda ndizo zilizoandika data iliyopotea. Pili, baadhi ya sehemu za keneli yenyewe ziliitazama na kuishusha bendera katika shughuli zake za ndani bila kumjulisha yeyote. Tatu, katika mifumo ya faili kama ext4, ukurasa ulioshindwa kuandikwa ulitiwa alama ya usafi kana kwamba umeandikwa. Programu iliyojaribu fsync mara ya pili ilijibiwa kuwa imefanikiwa kwa sababu nyepesi: hapakuwa na ukurasa mchafu uliobaki kuandikwa.

Uamuzi huo wa tatu ulikuwa na hoja yake. Mtu akichomoa kifaa cha USB kabla uandishi haujakamilika, kurasa chafu za kifaa hicho hazitaandikwa kamwe. Zikiendelea kushikiliwa, zinaweza kujaa hadi mashine nzima ikakosa kumbukumbu. Wasimamizi wa keneli walipima hatari mbili na kuchagua kuilinda mashine dhidi ya kukwama. Mfumo wa FreeBSD ulichagua njia tofauti kwa kubakiza data iliyoshindwa kuandikwa ikiwa chafu, ili ijaribiwe tena. Kila upande ulikuwa na busara yake. Kosa lilikuwa kwamba wenye kuandika hifadhidata hawakujua ni upande upi wanaoutegemea.

5.0 Onyo la Wanazuoni

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walichapisha utafiti uliochunguza namna mifumo ya faili inavyokabiliana na diski iliyoharibika kwa sehemu. Waliona kuwa sera za mifumo hiyo zilipingana hata ndani ya mfumo mmoja. Mfumo wa ext3 ulipuuza hitilafu nyingi za uandishi, ilhali ReiserFS ulielekea kuisimamisha mashine nzima ili uharibifu usienee.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho, wakiongozwa na Haryadi Gunawi, walifuatilia safari ya misimbo ya makosa ndani ya msimbo wa mifumo ya faili na viendeshi vikuu vya diski katika Linux 2.6. Walibaini kwamba miito 1,153, sawa na asilimia 13 ya miito waliyoichunguza, ilipokea msimbo wa kosa na kuutupa bila kuushughulikia. Habari mbaya ilianza safari kutoka kwenye diski, ikapita mkononi mwa kazi-ndogo moja baada ya nyingine, na mahali fulani katikati ya njia ikaachwa.

Tafiti hizi zilisomwa na kusifiwa, lakini mabadiliko ya msingi yalichelewa kwa takribani muongo mmoja. Sababu mojawapo ni ya kimuundo. Kosa lisiloripotiwa haliachi malalamiko. Mwenye hifadhidata anayekuta rekodi zimeharibika miezi kadhaa baadaye huilaumu diski, umeme, au programu yake mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa, hata kifo kilipofika, hakuna aliyejua maradhi yalikuwa yapi.

6.0 Mageuzi ya 2017

Mabadiliko ya kweli yaliongozwa na mhandisi Jeff Layton, na yaliingia katika Linux 4.13 iliyotolewa Septemba 2017. Badala ya bendera moja inayoshushwa na msomaji wa kwanza, Layton alibuni aina mpya ya data iitwayo errseq_t. Ni namba ya biti 32 iliyogawanywa sehemu tatu: biti 12 za msimbo wa kosa, biti moja inayoonesha kama kosa limeshasomwa na yeyote, na biti 19 za kihesabu.

Utendaji wake unafanana na kitabu cha matukio cha zamu. Zamani, ukurasa wenye habari mbaya ulichanwa na aliyeusoma kwanza. Sasa ukurasa unabaki kitabuni, na kila msomaji ana alama yake inayoonesha alipofikia. Faili inapofunguliwa, keneli huweka kumbukumbu ya thamani ya wakati huo. Fsync ikiitwa, thamani iliyowekwa hulinganishwa na ya sasa; zikitofautiana, mwitaji hupewa kosa na alama yake husogezwa mbele. Kwa hiyo kila aliyeifungua faili kabla ya kosa hupewa habari, na hupewa mara moja tu.

Mageuzi haya hayakubadilisha hatima ya data yenyewe. Ukurasa ulioshindwa kuandikwa bado ungeweza kutiwa alama ya usafi na kutoweka. Kilichobadilika ni haki ya kujulishwa.

7.0 Mgogoro wa 2018

Machi 2018, Craig Ringer, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliwaeleza wenzake tukio la hifadhidata kupoteza data baada ya hitilafu ya diski. Fsync ulirudisha kosa. PostgreSQL, kwa kuamini kuwa data bado imo katika kumbukumbu, ilijaribu tena. Jaribio la pili lilijibiwa kuwa limefanikiwa. Hifadhidata ikaandika kwamba kituo cha ukaguzi kimekamilika na kuiachia sehemu ya shajara iliyokuwa na nakala pekee ya data ile. Hakuna kanuni ya POSIX iliyovunjwa waziwazi, na hakuna msimbo ulioanguka.

Mjadala uliofuata ulifichua kwamba hata mageuzi ya 2017 hayakuitosheleza PostgreSQL. Katika mpango wake, mchakato mmoja huweza kuandika katika faili na kuifunga, na mchakato mwingine ukaifungua baadaye ili kuita fsync. Kosa lililotokea kati ya matukio hayo mawili lilikuwa limepita kabla mfunguaji mpya hajaweka alama yake. Aprili 2018 suala hilo lilijadiliwa katika mkutano wa watengenezaji wa keneli uliofanyika jimboni Utah, Marekani. Linux 4.17 ilileta marekebisho: kosa ambalo halijasomwa na yeyote hutolewa kwa mfunguaji mpya pia. Hata hivyo, ulinzi huo una mpaka. Keneli ikiiondoa faili katika kumbukumbu kwa sababu ya uhaba wa nafasi, habari za kosa huondoka nayo.

Upande wa PostgreSQL, matoleo ya tarehe 14 Februari 2019, yaani 11.2, 10.7, 9.6.12, 9.5.16 na 9.4.21, yalibadilisha sera. Tangu hapo, fsync wa faili za data ukishindwa, hifadhidata haijaribu tena. Hujisimamisha yenyewe, kisha huanza upya na kurudia mabadiliko yote kutoka katika shajara. Watengenezaji wa MySQL na wa hifadhi ya WiredTiger inayotumiwa na MongoDB nao walirekebisha programu zao katika mwelekeo huohuo. Kusimama kwa kelele kulionekana kuwa salama kuliko kuendelea kwa ukimya.

Mwaka 2020 watafiti wa Wisconsin–Madison walirudi katika suala hili. Walizichunguza ext4, XFS na Btrfs pamoja na programu tano: PostgreSQL, SQLite, Redis, LevelDB na LMDB. Waligundua kwamba mifumo ya faili hutofautiana katika kushughulikia data baada ya fsync kushindwa, na kwamba hakuna mkakati wa programu yoyote kati ya hizo uliotosha kuzuia upotevu au uharibifu katika hali zote. Mwaka huohuo Linux 5.8 iliuwezesha wito wa syncfs, unaohusu mfumo mzima wa faili, kuripoti nao hitilafu za uandishi.

8.0 Mafunzo kwa Sera za Kumbukumbu za Umma

Historia hii inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ulioasisiwa na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutunza data yake katika PostgreSQL na unatumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, yaani miaka saba kabla ya mgogoro ulioelezwa hapo juu. Idadi ya watoto waliochanjwa wilayani au wagonjwa waliotibiwa zahanati inategemea jibu la fsync kama inavyotegemea uaminifu wa muuguzi aliyeiingiza. Kwa hali hiyo mambo manne yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza, matoleo ya programu ni suala la sera, si la mafundi peke yao. Seva inayotumia keneli iliyotangulia Linux 4.13 au hifadhidata iliyotangulia matoleo ya Februari 2019 inaweza kutoa stakabadhi isiyo ya kweli. Mikataba ya ununuzi inayolipia usimikaji bila kulipia usasishaji hununua pamoja na mfumo kasoro ambazo dunia imeshazirekebisha.

La pili, mpangilio uitwao data_sync_retry katika PostgreSQL unaruhusu kurudi katika tabia ya zamani ya kujaribu tena. Kwa kawaida umezimwa, na katika Linux unapaswa kubaki umezimwa. Msimamizi anayeshinikizwa kwamba mfumo usisimame hata dakika moja anaweza kushawishika kuuwasha. Vigezo vya utendaji vinavyopima muda wa mfumo kuwa hewani pekee humzawadia anayeficha hitilafu.

La tatu, nakala rudufu isiyojaribiwa kurejeshwa haina uzito wa ushahidi. Rekodi iliyopotea kimya kimya huendelea kunakiliwa ikiwa na pengo lake, hadi nakala za zamani zilizo kamili zinapofutwa kwa kuzingatia ratiba.

La nne linahusu taasisi kuliko mashine. Mtu anayeleta habari mbaya akipuuzwa katika ngazi moja, ngazi za juu zitapokea taarifa safi isiyo ya kweli. Watafiti wa 2008 walipata asilimia 13 katika msimbo wa kompyuta. Taasisi zinazokusanya takwimu kupitia ngazi nyingi zingefanya vyema kujiuliza swali hilohilo kuhusu ngazi zao.

9.0 Hitimisho

Kati ya maelezo ya Thompson ya mwaka 1978 na marekebisho ya 2018 ipo miaka 40. Katika muda huo kasoro haikuwa siri: ilitajwa na mwasisi, ikapimwa na wanazuoni, na ikawaathiri watumiaji ambao hawakuweza kuitaja jina. Iliendelea kuwapo kwa sababu kila tabaka lilidhani tabaka jingine ndilo linalobeba jukumu la kujulisha. Watengenezaji wa keneli walifuata herufi za kiwango. Watengenezaji wa hifadhidata walifuata walichodhani kuwa roho yake.

Suluhisho lililopatikana halikuzifanya diski zisiharibike. Lilianzisha kanuni kwamba kosa lina wapokeaji wanaojulikana, kwamba kusomwa na mmoja hakuwanyimi wengine, na kwamba mpokeaji asipoweza kuthibitisha usalama wa data ni heri asimame. Kwa yeyote mwenye dhamana ya kutunza kumbukumbu za wananchi, kanuni hizo tatu zinafaa kuandikwa katika miongozo ya kazi kabla ya diski inayofuata kuharibika.